Spika Zinalala kwa Nani

Ukitaka kujua bendi fulani ya Nakuru ni ya nani, usiulize nani anaimba wala nani aliianzisha. Uliza spika zinalala kwa nani. Sisi tulikuwa watano, tulipiga roki, na spika zetu zote zililala kwenye stoo ya mtu mmoja huko mtaa wa Section 58. Yaliyotupata baadaye, kuvunjika kwetu na hata kurudiana, yalitoka kwenye stoo ile.

Jina la bendi sitalitaja, kwa sababu lenyewe lilikuwa sehemu ya ugomvi. Wenzangu nitawaita kwa majina tuliyoitana mazoezini. Fundi, gitaa la solo, mtu wa Kondele kule Kisumu aliyekuja Nakuru kutengeneza simu. Mwalimu, mwimbaji, aliyefundisha Kiswahili katika shule ya msingi. Shemasi, mpiga drams, ambaye kweli alikuwa shemasi. Mkubwa, gitaa la ridhimu, mwenye spika. Mimi nilipiga besi, na kwa kuwa mchana nilikuwa karani katika duka la agroveti, nikakabidhiwa pia daftari la pesa. Mambo mengi ninayoyajua kuhusu bendi niliyasoma humo daftarini.

Roki ilitufikia kwa njia mbili, na hakuna hata moja ya heshima. Ya kwanza ni reslingi. Vijana wa mtaa walijazana kwenye kibanda chenye televisheni kutazama Wamarekani wakirushana ulingoni, na kila mpiganaji aliingia na wimbo wake wa magitaa yanayonguruma. Tulizijua nyimbo hizo mwanzo wake kabla ya kuwajua waliozipiga. Ya pili ni saiba, duka la kompyuta na intaneti, ambako kwa shilingi chache kijana wa kaunta alikuchomea sidii moja yenye Linkin Park, Nickelback na Evanescence, bila mpangilio wowote, na nyimbo mbili za injili mwishoni kujaza nafasi.

Kupiga tulijifunza kanisani. Katika mji wetu seti ya drams, kinanda, gitaa la besi na mtu wa kukufunza bure hupatikana pamoja mahali pamoja tu, nako ni kanisani. Mimi nilishika besi kwa sababu wavulana wote walitaka solo, na besi ilikuwa imeegemezwa ukutani, uzi mmoja umekatika, haina mwenyewe. Nilipiga nyuzi tatu kwa muda mrefu kabla kamati haijanunua wa nne. Sijutii. Mpiga besi wa kanisa amezoea kumfuata mwimbaji aliyeguswa na roho akabadilisha kii katikati ya ubeti bila kumwarifu mtu, na hilo halifundishwi kwenye video.

Ila sauti ya gitaa chafu ilikuwa na sifa mbaya. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, na ripoti yake ikatolewa hadharani 1999. Wazazi wetu hawakuisoma, lakini woga wake waliuweka akiba. Fulana nyeusi, picha ya fuvu, mngurumo wa gitaa, vyote vilitiwa kapu moja. Mama yake Shemasi alikuja mazoezini siku moja na leso yake kichwani, akaketi juu ya kreti ya soda mpaka mwisho, kisha akasema, “Maneno ni mazuri, wanangu. Lakini mbona mnayagombeza hivyo?” Mwalimu alifurahi wiki nzima, maana maneno yalikuwa yake. Mama hakutusumbua tena. Alituombea tu kwa majina kila Jumatano, na mimi sikuona ubaya.

Fundi hakutoka kanisani. Alitoka kwenye benga, muziki wa gitaa wa Waluo. Baba yake mdogo alizunguka na bendi ndogo za Kisumu wakati D.O. Misiani wa Shirati Jazz bado yuko hai, na watu walikuwa wakisubiri wimbo wake mpya wasikie safari hii amemsema mkubwa gani kwa mafumbo. Misiani alifariki kwa ajali ya barabarani hapo hapo Kisumu, Mei 2006, na Fundi huwa anahesabu umri wake kuanzia hapo: kabla ya ajali na baada ya ajali. Gitaa la benga halikwanguliwi nyuzi zote kwa pamoja. Hudonolewa, uzi mmoja mmoja, kwa kasi, kwa kuwa vidole vyake vilianzia kwenye nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane. Fundi alipokanyaga pedali ya distoshoni, ile inayochafua sauti ya gitaa, mara ya kwanza hakuacha kudonoa. Ikatoka sauti ambayo haikuwamo kwenye sidii yoyote ya saiba. Mkubwa akatandika ridhimu nzito chini yake, wakashusha uzi mnene wa magitaa kutoka E hadi D ili mngurumo ushuke, na mimi nikajifunza kutulia. Katika benga besi hukimbia ikajibizana na gitaa. Nilijaribu hivyo na ikawa vurugu, kwa sababu Fundi alikuwa ameshakimbia tayari. Ilibidi abaki mtu mmoja wa kushika nyumba.

Tulianza mazoezi nyumbani kwa Mkubwa. Hayakudumu. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinataka mtaa wa makazi usizidi desibeli 35 usiku, na drams peke yake hupita 100 bila kujitahidi. Majirani hawakuzijua kanuni, lakini mlango waliujua. Tukahamia chumba kilicho nyuma ya kinu cha posho, kwenye barabara ya kwenda Njoro, na huko hakuna aliyelalamika hata mara moja, kwa sababu kinu kilitushinda kelele. Kikiwashwa, stima ilishuka, amplifaya zikafifia, nasi tukapumzika. Kikizimwa tukaendelea. Kebo zetu zilikuwa nyeupe kwa unga. Soketi hazikuwa na athi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, kwa hiyo kila nilipoitikia wimbo huku nimeshika besi, maiki ilinipiga shoti mdomoni. Fundi alipigilia nondo ndefu ardhini nje ya dirisha siku mvua imenyesha, akavuta waya mpaka kwenye soketi, na shoti zikaisha. Vijana wanaoniuliza leo wanunue pedali gani kwanza, huwajibu wanunue nondo.

Sasa Mkubwa. Alituzidi umri kwa miaka kadhaa na alikuwa na biashara ya kukodisha vipaza sauti: harusi, mazishi, mikutano ya injili, ufunguzi wa maduka. Alikuwa na spika kubwa, miksa, maiki, amplifaya ya besi na mbili za gitaa, seti ya drams aliyoinunua kwa kanisa lililokuwa likihama, pamoja na gari dogo la kubeba mizigo. Bila yeye tungebaki watu wanaoongea habari za bendi. Miji yetu ina watu hao wengi.

Lakini angalia kalenda. Harusi ni Jumamosi. Mazishi ni Jumamosi. Na shoo ya roki, kwa wasikilizaji wanaoenda kazini Jumatatu, ni Jumamosi usiku. Basi saa moja jioni ungetukuta ukumbini, mabango yameshabandikwa, sisi tumetyuni magitaa ambayo hayana pa kuchomekwa, tunapiga simu Molo, mji aliko Mkubwa na spika. “Bado kasisi anaongea,” Mkubwa anajibu kwa sauti ya chini. Saa mbili na nusu gari linafika limejaa matope. Spika moja inakwaruza, kwa sababu mshereheshaji ameshinda akiipigia kelele tangu asubuhi. Shemasi anafunga drams gizani. Tunaanza saa nne bila kupima sauti, na mtu wa mlangoni anauliza kama bendi ni hiyo hiyo iliyoandikwa.

Tukinung'unika, Mkubwa alikuwa na jibu moja, nalo lilikuwa la kweli: vyombo vinakula vyenyewe. Mazishi ndiyo yaliyonunua spika za roki.

Na pesa zenyewe? Nitafungua ukurasa mmoja wa daftari. Shoo imelipa 20,000. Usafiri 2,000. Vyombo 6,000. Zinabaki 12,000, tunagawana watano, kila mtu 2,400. Mkubwa anaondoka na 8,400, kwa kuwa yeye ni vyombo na ni gitaa pia. Mwalimu aliusoma ukurasa huo akanyamaza. Kimya cha mwalimu wa Kiswahili si kizuri, maana anatafuta neno. Alilolipata ni “mwajiri.” Alianza kumwita Mkubwa hivyo kwa mzaha, kisha mzaha ukapungua. Mimi niliyeandika hesabu zile sikuziona za wizi. Koni ya spika ikipasuka hailipwi na anayeimba. Tatizo nililoliona ni kwamba fungu la vyombo halikuwa na mwisho: spika zilikuwa zimeshajilipa siku nyingi, na bado zilikuwa zikila theluthi ya kilichobaki baada ya usafiri.

Wala hili si jambo la roki tu. Wazee wa dansi watakwambia kwamba bendi nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa za mwenye vyombo, na wanamuziki walizipita kama wapangaji wanavyozipita nyumba. Mpiga gitaa akigombana na tajiri aliacha gitaa kwenye kiti akatoka na vidole vyake.

Halafu ikaja hoteli. Kila Ijumaa, saa nne za muziki, malipo ya kueleweka. Sharti: roki nusu saa, zilizobaki kopi, yaani nyimbo za watu wengine. Rumba, rege, zilizopendwa, na kantri kwa wingi, maana watu wa Bonde la Ufa ukiwapigia kantri hata mwenye gauti anasimama. Mwalimu alikataa kabisa. “Mimi sikuandika nyimbo zote hizi ili niwe santuri ya watu wanaokula nyama,” alisema. Mkubwa na Shemasi walitaka hoteli. Fundi alitaka pesa bila kusema. Mimi nilikuwa upande wa hoteli, na bado niko, kwa sababu kopi ndizo zilizotufundisha kushikana. Ukipiga rumba mbele ya watu wanaoijua vizuri, besi ikiteleza kidogo tu mzee mmoja anageuza shingo. Mashabiki wa roki hawakugeuza shingo. Walirukaruka hata tulipokosea.

Tulipiga Ijumaa zile na mwimbaji wa kukodi, Mwalimu akaja Jumamosi tu. Hapo bendi ilikuwa imeshakuwa mbili, ingawa vyombo vilikuwa vile vile.

Kilichotumaliza ni wimbo. Tulikuwa na wimbo mmoja uliopendwa kupita mingine, maneno na sauti ya Mwalimu, ule mwanzo wa gitaa unaotambulika ni wa Fundi. Tuliurekodi Nairobi na Mkubwa akalipa studio yote, kwani nani mwingine angelipa. Baadaye kijana mmoja aliyetengeneza filamu fupi akautaka, akawa tayari kulipia. Alimpigia mwenye namba ya bango, yaani Mkubwa. Mkubwa akakubali, akapokea, akanunua koni mbili za spika, na kwa haki yake aliniletea risiti niiandike daftarini. Mwalimu aliujua mpango huo alipousikia wimbo wake kwenye simu ya mwanafunzi.

Waligombana nyuma ya kinu, kinu kimewashwa, kwa hiyo sehemu kubwa sikuisikia. Nilichosikia ni Mkubwa akisema, “Nani alilipa studio?” na Mwalimu akirudia, “Nani aliandika?” Wote wawili walikuwa na haki, na laiti tungekuwa tumemuuliza mtu anayejua sheria, wangejua hivyo mapema. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 wimbo mmoja ukirekodiwa una haki tatu ndani yake. Kuna utunzi, ambao ni wa aliyetunga, unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na mirabaha yake wakati ule ilikusanywa na MCSK, chama cha watunzi. Kuna rekodi yenyewe, ya aliyeigharamia, na upande wake ulikuwa KAMP, chama cha wenye rekodi. Kuna upigaji, wa kila aliyepiga au kuimba siku ile, hata mpiga besi ambaye hakutunga neno, na upande huo ulikuwa PRISK, chama cha wapigaji na waimbaji. Mkubwa alikuwa na rekodi akadhani ana wimbo. Mwalimu alikuwa na wimbo akadhani rekodi imefuata. Fundi, Shemasi na mimi hatukudhani kitu, na hilo nalo ni gharama.

Siku ya kuvunjika haikuwapo. Mwalimu alihamishwa kikazi hadi Busia na hakuaga kama mtu wa bendi, aliaga kama jirani. Shemasi aliambiwa kanisani achague, akachagua madhabahu. Fundi alirudi Kondele akafungua kibanda chake cha simu. Miezi michache baadaye nikaliona bango Kenyatta Avenue: jina letu, herufi zile zile alizozichora Fundi, na chini yake picha ya vijana nisiowajua. Mkubwa alikuwa ameunda bendi nyingine kwa ajili ya hoteli na ameivika jina letu.

Nilimpigia. Akasema, bila hasira, “Dadangu, jina liko kwenye spika. Nilipaka rangi mwenyewe. Nizipake upya zote?”

Kila anayependa muziki wa hapa anaijua historia ya kina Wanyika. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walikuwa na Simba Wanyika jijini Nairobi. Novemba 1978 baadhi ya wanamuziki wao wakatoka wakaunda Les Wanyika, na mapema miaka ya 1980 Issa Juma naye akawa na Super Wanyika. Jina likazaa, na mashabiki walifaidi, maana tulipata bendi tatu nzuri mahali pa moja. Ila wale waliotoka walibadilisha walau neno la mbele. Kwenye roki mfano anaoupenda Mkubwa ni Guns N' Roses: mpiga gitaa wao, Slash, alitoka 1996, jina likabaki kwa Axl Rose, na Slash aliporudi 2016 alilikuta pale pale. Nilimwambia Mkubwa kwamba Axl alikuwa mwimbaji, hakuwa mwenye spika. Akakata simu.

Miaka iliyofuata naipita haraka, kwa sababu kila mtu aliishi maisha yake na hakuna cha kusimulia. Besi niliirudisha kanisani.

Machi 2020 korona ikafika Kenya. Kafyu ilianza tarehe 27 mwezi huo, baa zikafungwa, hoteli zikazima muziki. Lakini kilichomvunja Mkubwa mgongo si hoteli. Ni mazishi. Serikali iliagiza mazishi yahudhuriwe na watu 15 tu wa familia, na watu 15 hawahitaji kipaza sauti. Kazi iliyolisha spika zake miaka yote ilikatika ghafla, na kodi ya stoo haikukatika.

Alinipigia kabla ya mtu mwingine yeyote. Hakuzungusha maneno. “Dadangu, ile amplifaya ya besi unaijua bei yake. Nipe utakachoweza, hata kidogo kidogo.” Nililipa kwa M-Pesa mwezi baada ya mwezi. Fundi akachukua amplifaya ya gitaa ikasafirishwa Kisumu ndani ya gunia la mahindi, wasiijue barabarani. Mwalimu hakutaka kuongea naye, lakini shule aliyofundisha ilitaka miksa na maiki kwa klabu ya muziki, na mimi nikawa katikati. Drams zilinunuliwa na kanisa la Shemasi. Mkubwa akabaki na spika mbili kubwa zilizokosa mnunuzi, gitaa lake, amplifaya yake, na gari. Kwa masikitiko ya mtu mmoja, vyombo vya bendi vikawa vimegawanywa kwa haki kuliko pesa zake zilivyowahi kugawanywa.

Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, na Desemba mosi Nakuru ikatangazwa kuwa jiji. Sherehe zilirudi. Mkubwa akapata kazi kubwa ya mwisho wa mwaka na hakuwa na amplifaya ya besi. Akanipigia akitaka kukodi ile aliyoniuzia. Nikamtoza theluthi ya alicholipwa, kipimo kile kile cha daftari la zamani, nikamwandikia risiti. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni pangu, akaisoma tena, akaanza kucheka mpaka akaketi kwenye ngazi. “Kumbe ndivyo ilivyokuwa inauma,” alisema. Ndipo tukaongea, kwa mara ya kwanza tangu bango.

Fundi hakuhitaji kubembelezwa arudi kwenye bendi. Mwalimu alihitaji. Alisema hapigi na mtu aliyeuza wimbo wake, na akipigiwa simu tena ataizima. Mkubwa hakupiga simu. Alipanda matatu hadi Busia, akangoja nje ya lango la shule hadi masomo yakaisha, na mkononi alikuwa na diski ya studio yenye rekodi yetu asilia, kila chombo peke yake, pamoja na nusu ya pesa za filamu katika bahasha. Walichoambiana hawajanieleza. Najua tu kwamba Mwalimu alikubali diski, akarudisha bahasha, kisha jioni akatuma ujumbe kuomba bahasha iletwe, maana mvua ilikuwa imeezua paa la jikoni.

Tulikutana Kondele kwa Fundi, si Nakuru, ili asiwepo mwenyeji wa zamani. Hatukupiga hata noti moja siku ile. Tuliandika. Mwalimu alishika kalamu na maandishi yakawa ya Kiswahili sanifu kabisa, kiasi kwamba Fundi aliuliza kama ni mkataba au insha. Jina ni la bendi; anayetoka haondoki nalo, na aliyebaki peke yake halitumii. Tumepanga kulisajili KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya ubunifu, kama alama ya biashara, usajili unaodumu miaka 10 kisha unahuishwa, kwa sababu sheria ya hakimiliki haikusaidii kwenye jina. Kila chombo kina mwenyewe na kila chombo kinalipwa, lakini malipo yanakoma kikishajilipa, na baada ya hapo ni matengenezo tu. Wimbo ukikamilika, asilimia zinaandikwa usiku huo huo kabla mtu hajaenda nyumbani, na zinatiwa sahihi. Wimbo wa zamani tuliutenga: utunzi ni wa Mwalimu kwa sehemu kubwa na Fundi kwa ule mwanzo wa gitaa, rekodi ni ya Mkubwa, upigaji ni wa wote watano, akiwamo asiyekuwapo.

Asiyekuwapo ni Shemasi. Alitupokea vizuri, akatupa chai, akasema hapana. Linkin Park waliporudi Septemba 2024, miaka saba baada ya kifo cha mwimbaji wao Chester Bennington, walirudi na mwimbaji wa kike, Emily Armstrong, na mpiga drams wao wa awali, Rob Bourdon, hakuwamo. Kiti chake alikalia Colin Brittain. Fundi alinitumia habari hiyo usiku akaandika, “Hata wao.” Watu hudhani kurudiana ni kuwarejesha wote. Kwa upande wangu, nilifarijika Shemasi alipokataa waziwazi, kuliko angekuja nusu nusu huku akituombea msamaha kila Jumapili.

Badala yake alituletea msichana aliyemfunza mwenyewe kanisani, pamoja na drams zile zile, kwa kukodi. Ana mkono mzito na hazungumzi sana. Mazoezi tumerudi nyuma ya kinu, ambacho siku hizi ni cha umeme mpya na hakishushi stima tena, kwa hiyo hatupumziki. Onyesho la kwanza lilikuwa dogo, wengi wa waliokuja ni wa rika letu, na waliomba wimbo ule mmoja mara mbili. Mkubwa alifika saa nane mchana. Harusi ya siku hiyo alimwachia kijana wake.

Kabla hajapiga nasi hadharani, msichana aliomba kuusoma mkataba. Aliusoma wote, kurasa mbili, huku sisi tumesimama na magitaa shingoni. Kisha akasema anataka mambo mawili yaongezwe: mazoezi yasiwekwe Jumapili asubuhi, na wimbo wa zamani asilipwe kitu, ila akiurekodi upya na sisi, apate sehemu yake ya upigaji. Mwalimu akaongeza kwa kalamu pembeni, tukatia sahihi mmoja mmoja juu ya amplifaya yangu. Mkubwa alikuwa nje akipakua spika, akasahau. Alikuja kutia yake Jumanne, dukani kwangu, katikati ya wateja wa mbolea.